Verna na Wajuzi wa Kantini

Verna Hrycak hakupenda hoki, na alisema hivyo waziwazi katika mji wa Dunbrae, ambako mtu akitamka maneno hayo watu humtazama kana kwamba amesema hapendi watoto. Alisema hivyo akiwa ndani ya uwanja wa barafu wenyewe, katika chumba kidogo pembeni ya kantini, ambamo kwa miaka thelathini na mmoja alinoa bapa za chuma zilizo chini ya viatu vya barafu vya kila mtoto wa mji.

Kazi ile aliirithi. Mumewe, Orest, ndiye aliyekuwa mnoaji, mpaka Februari moja alipoanguka mlangoni akizoa theluji, asiinuke tena. Siku mbili baada ya maziko mwenyekiti wa klabu alibisha hodi, akavua kofia, akala keki, akaisifu keki, kisha akauliza ni nani atakayewanolea watoto Jumamosi, maana kulikuwa na mashindano. Verna akachukua ufunguo wa Orest msumarini akaenda kunoa. Hakuna aliyemwambia aache, naye hakuacha.

Mechi zikianza, alifunga mlango. Ndani alikuwa na redio iliyosoma bei za ngano, birika la chai, na chemshabongo ya gazeti. Kelele za goli zikivuma ukutani, alichofanya ni kushika kikombe kisimwagike.

Sisi tulikuwa upande wa pili wa ukuta huo. Kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, tulikaa watatu kwenye meza ya dirishani pale kantini, tukinywa kahawa na kula mikate ya mdalasini: Delbert Haugen, mkulima aliyemwachia mwanawe mashamba, Murray Kozun, golikipa wa zamani ambaye alikaribia kuitwa timu kubwa, na kila mwaka anazidi kukaribia, na mimi, niliyesambaza barua vijijini mpaka nilipostaafu. Kazi yetu ilikuwa moja. Tulijadili ni kijana gani wa mji atachaguliwa mwezi wa tano, siku ambayo timu za ligi ya vijana huketi na kugawana watoto wa miaka kumi na minne na kumi na mitano kwa raundi, moja baada ya nyingine.

Kila mmoja alikuwa na elimu yake. Delbert aliamini mwili. Murray aliamini takwimu, tangu mpwa wake alipomfundisha kutumia kompyuta, na alikuwa na majedwali marefu kuliko kitabu cha simu. Mimi niliamini wazazi: mtazame mama, utamjua mtoto. Kwa njia hizo tatu, katika miaka kumi na tisa, tulimpatia mmoja tu aliyefika mbali, na yule tulimpata kwa bahati mbaya, kwa kuwa tulidhani ni kaka yake.

Januari ile mjadala ulikuwa juu ya Dax Pruden, mtoto wa muuza matrekta, kijana mkubwa kama mlango.

"Raundi ya kwanza, tena mapema," Delbert alisema. "Tazameni kifua kile. Mwili haufundishwi, bwana. Mengine yote yanafundishwa."

"Wewe Delbert, hata jokofu ungelisajili ukilivalisha jezi," Murray alimjibu.

"Na lingezuia magoli mengi kuliko uliyozuia wewe!"

"Mama yake je?" nilichomekea. "Yule mama hana subira. Nimempelekea barua miaka minane, mbwa wake hajawahi kufungwa."

"Sasa mbwa anaingiaje hapa, mzee?"

Ndipo Verna akatokea na birika lake, kuchukua maji ya moto. Murray alitaka kuchekesha watu. "Dada Verna, hebu tuamulie. Pruden atafika au hafiki?"

"Pruden ni yupi?"

"Mama we! Namba kumi na tisa. Yule mkubwa."

"Ah, huyo." Verna alifungua bomba la maji. "Huyo hageuki kushoto."

Delbert akaangua kicheko mpaka akashika kiuno. Verna alisubiri birika lijae.

"Kila bapa lina kingo mbili. Ukigeuka kushoto, unalalia ukingo wa ndani wa mguu wa kulia na ukingo wa nje wa mguu wa kushoto," alisema. "Viatu vyake vinarudi kwangu kila wiki. Kingo hizo mbili zinarudi kama nilivyozitoa, kali vilevile. Zile nyingine zimelika kabisa. Miaka mitatu sasa. Mnisamehe, chai yangu."

Akaondoka. Delbert alisema mwanamke ambaye hajatazama mechi hata moja asitufundishe hoki. Tulikubaliana naye wote. Jumamosi, hata hivyo, tulijikuta watatu tumekaa pamoja bila kupanga, kila mmoja akijifanya anatazama mchezo.

Dax Pruden alifunga magoli mawili. Kugeuka kushoto alijaribu mara tatu, akaanguka mara mbili. Mara nyingine zote alipotaka kwenda kushoto, alizunguka kwanza kulia, duara zima, kama lori linalotafuta geti.

"Ni barafu ile," Delbert alisema. Lakini alisema polepole.

Habari ilienea kabla ya Jumatatu. Nisiseme nani aliyeieneza. Mimi nilimwambia mke wangu tu, na Murray alimwambia mpwa wake, na Delbert aliwaambia watu kumi na wawili ili kuwaonyesha upuuzi wenyewe. Ndani ya wiki mbili ikamfikia Wendell Pask.

Pask alikuwa msaka vipaji wa timu moja ya mji mkubwa, mwendo wa saa tatu kutoka kwetu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye chupa ya kahawa chini ya kwapa na macho ya mtu aliyelala kwenye gari. Alikuwa amezunguka viwanja vya nyanda zile miaka tisa bila kumgundua mtu yeyote ambaye hakuwa amegunduliwa tayari. Aliingia chumba cha Verna Alhamisi moja, nasi tukakumbuka kwa pamoja kwamba sukari ya kantini iko upande ule.

"Mama Hrycak, nimeambiwa unawajua vijana wa hapa kuliko kocha."

"Umedanganywa. Vijana siwajui. Navijua viatu."

"Haidhuru. Niambie viatu."

"Hiki mwenye nacho anaburuta kisigino. Hiki mwenyewe hupenda kusimama na kuonekana. Tazama mbele hapa, hapajaguswa. Hiki ni cha binti wa Olsen, na kama mngekuwa mnachagua mabinti, ungeondoka na hiki ukaenda zako kulala."

Pask aliandika yote. Verna alimwambia asiandike. Akaandika na hilo.

Kuanzia hapo amani ya chumba kile ikaisha. Wazazi waliokuwa wakimrushia viatu dirishani bila salamu walianza kuuliza hali ya magoti yake. Walimletea mitungi ya matango ya siki na keki za tufaha. Mama Pruden alimletea pirogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, Verna mwenyewe akiwa amefunzwa kuyatengeneza na bibi yake wa Kiukraini tangu hajaota meno ya ukubwani. Verna alionja moja, akamshukuru, akampa mbwa wa jirani yaliyobaki, naye mbwa akafikiri kwanza.

Walipoona zawadi hazibadilishi neno, akina baba waligeukia ufundi. Madukani tupa zilikwisha. Ukipita mitaani jioni ya Ijumaa ulisikia kwenye mabanda ya magari sauti ya chuma kikisuguliwa: wanaume wazima, wenye biashara zao, wanakwangua kingo za viatu vya watoto wao ili zionekane zimelika sawasawa. Mmoja alisugua kwa moyo kiasi kwamba mwanawe aliingia uwanjani, akakanyaga barafu mara moja, na kufika golini kwa mgongo kabla wimbo wa taifa haujaisha.

Verna alimpa yule baba viatu vyake mkononi. "Hii ni tupa," alimwambia. "Barafu haikwaruzi hivi. Mwambie mwanao anateleza vizuri sana bandani kwako."

Mwanzoni mwa Machi Pask alirudi, amechoka zaidi. Mkurugenzi wake alitaka jina moja ambalo timu nyingine hazina. "Mama, usinipe kumi. Nipe kiatu kimoja. Kizuri kuliko vyote mwaka huu."

Verna hakutaka kusema. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake, na mtu wa kazi akiulizwa kuhusu kazi yake hujibu. Aliinua jozi moja kuukuu, iliyochakaa ngozi, yenye kamba za rangi mbili.

"Hii," alisema. "Kingo zote nne zimelika sawa, nywele kwa nywele. Miaka ishirini sasa, sijapata kuona jozi kama hii. Na si tupa."

Ndani ya ulimi wa kiatu ilikuwa imeandikwa kwa wino: T. SAWATZKY.

Tanner Sawatzky. Mezani kwetu jina hilo halijawahi kutajwa hata kwa bahati mbaya. Alikuwa mtoto mfupi, wa mstari wa tatu, wale wanaoingia uwanjani nyota wakipumzika, anayefanya kazi zisizoonekana. Mama yake, Charlene, alikuwa mhudumu wa makao ya wazee, akiwalea peke yake Tanner na pacha wake, Reid, wasiofanana hata nyusi.

"Yule mfupi?" Delbert aliuliza. "Yule nikipiga chafya anaanguka."

"Takwimu zake ni za mlinzi wa geti," Murray akasema.

Lakini Jumamosi hiyo Pask alimtazama Tanner mechi nzima kwa jicho la mtu anayejua siri, na alichokijua ndicho alichokiona. Mtoto akisimama, Pask aliandika "utulivu". Akianguka, aliandika "hujifunza". Nasi, nikiri, tulianza kuyaona hayo hayo. Kufikia Jumatano Delbert alikuwa akieleza watu kwamba wachezaji wafupi wana kitovu cha uzito karibu na ardhi.

Wiki mbili baadaye Charlene Sawatzky alikuja mwenyewe kuchukua viatu, bado amevaa sare ya kazi.

"Ahsante, Verna. Maskini viatu hivi, mwaka huu vimefanya kazi ya watu wawili."

"Wawili?"

"Si Reid naye! Vyake vilimbana tangu Novemba. Nikamwambia subiri Krismasi, Krismasi ikapita na mambo yake. Basi Tanner akitoka mazoezini, Reid anavivaa anakwenda kucheza kwenye barafu ya nyuma ya shule mpaka giza. Miguu yao saizi moja."

Verna aliviweka mezani. "Reid anapenda kugeukia wapi?"

"Kugeuka?" Charlene alicheka. "Hao? Wamepingana tangu tumboni. Tanner kila kitu kushoto, Reid kila kitu kulia. Hata kitandani wanalala hivyo."

Charlene alipoondoka, Verna alizima redio. Aliniambia baadaye kwamba hakuona aibu kwa ajili ya hoki, hoki ingejijua yenyewe. Aliona aibu kwa sababu alikuwa amesoma watu wawili akasema ni mmoja. Alimpigia simu Pask saa hiyo hiyo.

"Mama," Pask alisema alipokwisha kuelezwa, "ripoti nimeshapeleka."

"Ifuate uirudishe."

"Mkurugenzi ameisoma mbele ya watu. Amelipigia mstari neno 'usawa' mara mbili. Unataka nikamwambie usawa ule ni wa watoto wawili?"

"Ndiyo."

"Sasa, angalia. Kama ni watoto wawili, basi kila mmoja ana nusu. Nusu ya ajabu si haba." Akasema anaingia mahali pasipo na mtandao, na simu ikakatika, ingawa alikuwa anaongea kwa simu ya mezani.

Kesho yake Verna alifanya jambo ambalo hajapata kulifanya: alivuta kiti akakaa mezani kwetu. Alitueleza yote. Alitaka ushauri.

Tulimpa mjadala. Murray alisema jambo hili linathibitisha kwamba macho hudanganya na tarakimu hazidanganyi. Delbert alisema linathibitisha kwamba angechaguliwa Pruden tangu mwanzo. Mimi nilisema linathibitisha habari ya mama, kwa sababu tazama, kila kitu kimetoka kwa mama. Tulikuwa tumefika kwenye makosa ya uteuzi wa mwaka ambao Murray bado alikuwa na nywele tulipogundua kuwa kiti cha Verna kiko tupu.

Alikuwa amekwenda kwa akina Sawatzky. Tanner ndiye aliyefungua mlango. Verna alimweleza palepale barazani, baridi ikiwa nyuzi ishirini chini ya sifuri, kwa sababu alitaka kulimaliza kabla hajakaribishwa chai.

"Najua," Tanner alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba siwezi kugeuka kulia. Niliposikia umesema ninageuka pande zote, nilidhani unanionea huruma." Macho yalimjaa maji. "Watanichagua, halafu watanitazama mazoezini."

Verna hakuwa mtu wa kukumbatia watoto wa watu. Alikuwa na la kusema moja tu. "Basi geuka kulia."

"Vipi?"

"Mimi nitajuaje? Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimefungua uwanja. Na mwambie pacha wako aje achukue viatu, kuna jozi ya Orest pale haina mtu. Vitampwaya kidogo, avae soksi mbili. Sitaki tena kuchanganya habari zenu."

Barafu ilikuwa na wiki tatu kabla haijayeyushwa. Kila asubuhi Tanner aliteleza peke yake, akizunguka kulia, akianguka kulia, huku Verna amekaa benchi la wachezaji na chai na chemshabongo, hamtazami. Hakuwa na la kumfundisha. Lakini saa moja ikifika alivitwaa viatu, akapitisha ukucha wa dole gumba juu ya kingo, na kutoa hukumu.

"Bado."

Au: "Leo umeanza kuulalia."

Au, Ijumaa moja: "Leo umenidanganya. Umezunguka dakika kumi ukakaa chini."

"Mguu ulikuwa unauma."

"Sema mguu unauma. Usiniletee kiatu kiseme kwa niaba yako."

Siku ya mwisho, maji yakiwa yameanza kutuama pembeni, alipitisha ukucha mara mbili, akavaa miwani, akaupitisha tena. "Si sawa na kushoto," alisema. "Lakini mtu ameshapita hapa." Tanner alizunguka uwanja mzima akipiga kelele.

Siku ya uteuzi tulikusanyika kantini kuzunguka kompyuta ya Murray. Jina la kwanza la Dunbrae kutokea lilikuwa la Dax Pruden, raundi ya kwanza, nafasi ya saba, na timu ambayo bila shaka ilikuwa na Delbert wake. Delbert alinyanyuka akatupa mkono sote, kama bwana harusi. Tanner alitokea raundi ya nne, akaitwa na timu ya Pask. Charlene, aliyekuwa akisaidia kugawa kahawa, alilia akiwa bado na vikombe mkononi. Verna alikuwa chumbani kwake akipanga mashine kwa ajili ya kiangazi, na alipoambiwa alisema, "Vizuri. Wamnunulie Reid viatu sasa."

Haya ndiyo yaliyofuata. Tanner alicheza misimu minne katika timu ile, mstari wa tatu, kazi zisizoonekana. Alipendwa na makocha na kusahauliwa na magazeti, na hakufika ligi kuu. Timu ilimlipia masomo, akawa mtaalamu wa udongo, na sasa anapima mashamba ya watu, la Delbert likiwemo. Reid ni fundi umeme.

Pask alipandishwa cheo mwaka uleule kwa kile kilichoitwa mbinu yake. Alinunuliwa mashine ya kupima kingo za viatu kwa mwanga, akapewa mhandisi wa kuisoma, na kwa miaka miwili alizunguka akitoa mihadhara kwa wasaka vipaji wenzake. Jina la Verna alilitaja katika mihadhara yote kama "vyanzo vya ndani". Baadaye mkurugenzi mpya aliitupa mashine na kuleta daktari wa macho.

Na Dax Pruden? Dax Pruden yuko ligi kuu. Ana mechi mia tatu na kitu sasa. Kocha wake alimweka upande wa uwanja ambako kugeuka kushoto hakuhitajiki sana, na kwa mwili ule hakuna aliyeuliza zaidi. Tunamtazama kwenye runinga ya kantini. Akizunguka kulia duara zima, sisi watatu hutikisa vichwa kwa masikitiko, na yeye hufunga.

Nilimpelekea Verna habari hiyo kama mtu anayepeleka msiba. Alikuwa ananoa, hakuzima mashine.

"Kwa hiyo nilisema uongo?" aliuliza.

"Hapana, bado hageuki."

"Basi."

Mwaka jana klabu ilinunua mashine inayonoa yenyewe; unatia kiatu, unabonyeza, unangoja. Tulimfanyia Verna sherehe ya kumuaga, na Delbert alitoa hotuba ya dakika ishirini akieleza jinsi yeye na Verna walivyomgundua Tanner Sawatzky. Tanner mwenyewe alikuwepo, amekaa na mkewe karibu na keki, na hakumsahihisha. Verna alisema ahsante kwa keki, akawaomba wazazi wakaushe viatu kabla ya kuviweka kwenye mifuko, akakaa.

Siku hizi anaishi kwa dada yake huko British Columbia, jimbo la pwani ya magharibi, ambako anasema theluji huja kama mgeni mwenye adabu. Hutuandikia kadi mara moja moja. Huuliza kama magoti ya Charlene yamepona na kama Murray ameshachunguzwa moyo. Mwezi uliopita nilimwandikia kurasa mbili nzima kuhusu kijana wa mwaka huu, golikipa wa futi sita na inchi nne, mama yake mtulivu sana. Alijibu kwa kadi yenye picha ya ziwa, akinieleza bei ya matunda ya pichi.